Boda wa kijiwe au wa kwenye simu? Rivyu yangu ya kuzunguka Mwanza na mzigo

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka aondoke zake. Boda wa kijiwe cha hapa Mwaloni nampa nne kati ya tano, pikipiki ya kuita kwa simu nampa mbili na nusu, na ile nusu ni kwa sababu ya bei tu. Wengine mtabisha najua, hasa nyie ambao mzigo wenu ni begi la laptop mgongoni. Mi nauza dagaa na samaki wakavu hapa Kirumba Mwaloni, mzigo wangu ni magunia, unatoka asubuhi kwenda Nyegezi kupanda basi la Kahama au Dar, au unaenda Nyamhongolo kupanda la Musoma na Tarime, na gunia likichelewa basi mteja wa kule hanielewi hata nimweleze nini. Kwaio mi sipimi boda kwa spidi wala kwa helmeti (ingawa helmeti vaeni jamani), napima kitu kimoja, akikutana na njia mbaya anafanyaje.

Asiyeijua Mwanza nimwelekeze kidogo. Mji huu una barabara kubwa tatu na zote zinaanzia mjini kati. Makongoro inakuja huku kwetu Kirumba, Pasiansi mpaka uwanja wa ndege. Nyerere inaenda Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma, Kisesa na kuendelea mpaka Musoma. Kenyatta inashika Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Buhongwa, Usagara na kuendelea Shinyanga. Katikati ya hizo barabara ni milima na mawe, hayahaya mawe mnayokuja kupigia picha, na upande wa pili ni ziwa. Sasa ukitoka barabara moja kwenda nyingine kwa kawaida inabidi uingie kwanza mjini, mkutane wote pale kiplefti cha Samaki, daladala, bajaji, mkokoteni wa miwa na gari la bosi aliyefunga vioo, afu ndo utoke tena. Usiku ukikaa juu mlimani unaona taa za mtaa wa upande wa pili ziko hapohapo, ila kwenda ni safari nyingine kabisa.

Ndo maana boda wa Mwanza ana lugha yake ya njia na kabla ya kutoa maksi inabidi niieleze maana nimeona wageni wanagombana na vijana wa watu bure. Akikwambia "mama hapa tunazunguka" usimkunjie sura. Anamaanisha ile njia ya kawaida imeziba, ni foleni, ni maji, ni msiba umefunga mtaa, na yeye anajua njia ndefu itakayofika mapema, na anakwambia kabla hajawasha pikipiki ili mpatane bei. Hiyo ni heshima kabisa. Abiria akishuka anasema "yule dogo kanizungusha" hapo sasa ni kesi, maana yake alipitishwa kote huko bila sababu ili nauli inenepe. Kitenzi ni kilekile, kimebadilishwa herufi tu na we tayari umeibiwa. Na kuzungushwa sio kwa boda peke yake, kuna mteja wangu mmoja wa bara huko anadaiwa hela ya magunia toka mvua za mwaka jana, kila nikipiga simu mara yuko shamba mara yuko msibani, huyo naye ananizungusha na hana hata pikipiki.

Chocho ni kitu kingine, chocho ni ufupi, kile kinjia cha katikati ya nyumba na nyumba ambacho boda anapita amebana viwiko na kuku wanaruka. Njia ya panya nayo ipo ila hapa Mwaloni usiitaje kwa sauti kubwa, maafisa wa uvuvi wakisikia njia ya panya wanajua unazungumzia samaki wanaovushwa kwenda nje bila kibali, utaulizwa maswali na gunia lako litafunguliwa. Na kuzunguka mbuyu ndo kabisa, hiyo wala haina barabara, hiyo ni rushwa, ya kumshika mtu mkono ukiwa na kitu ndani ya kiganja.

Afu kuna mchepuo. Wahandisi na vibao vyao wanasema mchepuo, boda wote wanasema mchepuko, na ukisema mchepuko mbele ya watu lazima mmoja acheke kwa sababu ya ile kampeni ya redioni, michepuko siyo dili baki njia kuu. Wakati wanajenga upya daraja la Mkuyuni na la Mabatini neno hilo lilikuwa kila siku mdomoni, mume wa jirani yangu alikuwa anampigia simu mkewe "nimechelewa niko kwenye mchepuko", na mwanamke anapokea ameweka spika, tumekaa hapo tunachambua dagaa, tulicheka siku hiyo mpaka machozi. Kwa Mwanza lakini kusema kweli njia kuu sio dili kila siku.

Haya, tuje kwa boda wa kijiwe. Kijiwe chetu kiko karibu na geti la soko, vijana wanafahamiana, wana mwenyekiti, na wengi pikipiki sio zao, wako kwenye mkataba au wanapeleka hesabu kwa bosi kila siku. Hii ni ya kujua maana ndo inaeleza kwanini akizunguka anataka muongee bei, yale mafuta yanatoka kwenye hesabu yake, sio kwamba ni tamaa tu. Ubora wao wa kwanza ni kwamba habari ya barabara wanaipata wao kwa wao. Mmoja akitoka Igogo anakuta foleni anapiga simu kijiweni, kabla hata redio haijasema, na kabla yule mdada anayeongea kwenye ramani ya simu hajajua kitu.

Nitoe mfano mmoja tu. Mvua ilipiga usiku kucha, na mvua ikipiga hivyo mnajua, Mabatini pale Mto Mirongo unafura na Mkuyuni maji yanakaa barabarani. Nina gunia la kwenda Nyegezi na basi halisubiri. Kwa siku ya kawaida napeleka kwa elfu tano, naingia Makongoro, mjini, Kenyatta, kwisha. Kijana wangu akasema, "Mama leo Mkuyuni hapapitiki, nazunguka na Buhongwa, nipe tisa." Nilisonya kidogo, yaani toka Kirumba uende Buhongwa ili urudi Nyegezi? Lakini sikiliza alivyopita: Pasiansi, pale Sabasaba akaingia barabara ya Kiseke, akatokea Buswelu, akashuka Nyakato, Igoma, akakata Kishiri, akatokea Buhongwa, afu akarudi kama anakuja mjini mpaka stendi Nyegezi. Yaani mji wote kauzungukia kwa nyuma bila kugusa kati. Akapiga simu gunia liko kwenye buti ya basi, na kondakta akaongea na mimi mwenyewe. Mwenzangu aliyeng'ang'ania njia ya kawaida kwa sababu ni fupi, mzigo wake ulilala stendi ukaondoka kesho yake na dagaa walishaanza kuvuta unyevu. Sasa hapo nani alilipa zaidi? Ile elfu nne ya juu ilikuwa halali yake.

Na angalieni, mi sikuwa kwenye pikipiki. Hiki ndo kinanifanya nimpe nne, mzigo naupeleka peke yake. Nafunga kamba za mpira, naandika jina kwa maka penseli, nampa hela ya mizani na ya kondakta mkononi, anaenda. Huwezi kufanya hivyo na mtu usiyejua kijiwe chake.

Moja ninayomkata ni ya bei. Hakuna bei, kuna mapatano, na ukija umevaa vizuri umepatikana. Pia kuna vijana wachache, sio wa kijiwe chetu, hawa wanaokaa kwenye stendi kubwa kuvizia wageni wa mabasi ya usiku, hao ndo mabingwa wa kuzungusha. Mgeni anashuka anataka gesti ya jirani tu anapandishwa anapelekwa mpaka aone ziwa mara mbili, anashushwa kwenye gesti ambayo angeiona kama angegeuza shingo. Dawa yake usianze kuuliza bei gani, anza kumuuliza unapita wapi. Akitaja mitaa kwa mpangilio bila kufikiri anajua njia na anajua kwamba na wewe unasikiliza. Akijibu "we panda tu bosi, mi nakufikisha" shuka.

Pikipiki za kuita kwa simu sasa. Sitaji kampuni maana hizo programu ziko zaidi ya moja na malalamiko yangu ni yaleyale kwa zote nilizojaribu. Kwanza niwape haki yao. Bei unaiona kabla, jina na picha ya dereva unaiona, namba ya pikipiki iko pale, na kwa mtu asiye na mzigo anayetoka mjini kwenda Rock City Mall au airport ni nzuri tu, barabara ni moja imenyooka hamna cha kuzunguka. Usiku pia, hasa kwa wadada, ni afadhali kuwa na mtu ambaye safari yake imeandikwa mahali.

Tatizo linaanza ukitoka kwenye lami. Ile ramani inaona mji kutoka juu, haioni mawe. Inachora mstari wa bluu mzuri unakata mlima kwa sababu imeona kuna njia, na kweli njia ipo, ila ni ngazi za mawe wanazopanda akina mama na ndoo kichwani. Wale mnaokaa Igogo mlimani au Mabatini juu mnanielewa. Niliita pikipiki ikamchukue binti anayenisaidia, anakaa huko juu mwambani, ramani ikasema dakika chache tu, bei buku na kitu. Dereva akafika chini ya mwamba akaanza kunipigia simu, "Mama mbona hapa ni ukuta?" Sio ukuta baba, ni jiwe, zunguka na upande wa shule. "Ramani inasema nyooka." Sasa unanyookaje kwenye jiwe? Tulibishana mpaka binti akashuka mwenyewe kwa miguu na kapu lake, na alipofika chini dereva anasema bei ya kwenye simu haimlipi aongezewe. Hapo faida ya kujua bei kabla imeenda wapi?

Na akikubali kuzunguka ndo utachoka. Yule mdada wa kwenye simu haelewi kabisa habari ya kuzunguka, yeye kila kona anataka mgeuke, geuka nyuma, geuka nyuma, kwa Kizungu, mpaka dereva anamzima. Na akishamzima basi umebaki na dogo ambaye hajui njia, maana wengine wamekuja kutafuta maisha juzijuzi na wanategemea simu. Simlaumu kijana, wa kijiweni naye alianza hivyohivyo, ila kuna mtu wa kumfundisha kijiweni na kwenye programu hamna. Afu bei inakokotolewa kwa ile njia fupi ya kwenye mstari, dereva akizunguka kwa nia njema anaumia yeye, kwaio hata anayejua njia nzuri hana sababu ya kuipita, anakupeleka kwenye foleni mnakaa wote. Hili ndo kosa kubwa nililoliona kwenye hizi programu na ndo limewashusha mpaka mbili na nusu. Wangeweka sehemu ya dereva kusema "nazunguka, sababu hii, naongeza hiki" na mteja abonyeze ndio au hapana, wangenipata hata na magunia.

Kuna swali naulizwa sana na wenzangu wa mikoani, mzigo mkubwa wa fuso upite wapi. Huko boda hahusiki ila kuzunguka ni kulekule. Kama mzigo unatoka Sengerema au Geita unaenda Musoma mpaka Sirari, usikubali dereva aingie mjini Mwanza eti kutafuta chakula. Toka daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025 gari inavuka juu ya maji kilometa kama 3 kwa dakika chache, inafika Usagara, pale inashika barabara ya mchepuo ya Usagara hadi Kisesa, kama kilometa 17 hivi, inatokea barabara ya Musoma na mji imeuacha pembeni. Hapo mchepuko ni dili haswa. Dereva akikwambia alipita mjini "kwa sababu ni njia kuu" mkate posho.

Zamani ilikuwa tofauti, mnakumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo. Unafika umeona Busisi kwa macho, unaweza hata kuona mtu ng'ambo anakula muhindi, na uko pale masaa. Kivuko kikisumbua dereva anaanza hesabu, arudi mjini akajaribu kivuko cha Kamanga, au azunguke ghuba yote kwa chini, Shinyanga, Kahama afu apande Geita, mamia ya kilometa kwa ajili ya maji ambayo daraja sasa linayaruka. Kuna watu walizunguka hivyo na samaki wabichi kwenye barafu, nawaheshimu sana. Kamanga bado ni nzuri kwa mtu anayetoka mjini kati kwenda vijiji vya upande ule, maana unapanda hapohapo mjini, ila kwa anayekwenda Geita na gari yake mi naona daraja limeshamaliza mjadala.

Ukerewe je? Hapa maksi zinageuka. Meli ya Mwanza kwenda Nansio ndo njia iliyonyooka, masaa kama matatu na kidogo, mzigo unaingia bandarini unatokea bandarini. Njia ya kuzunguka ni barabara, unaenda Magu, Lamadi, Bunda, unakata kushoto mpaka Kisorya, unavuka na kivuko kwenda Rugezi, afu gari tena mpaka Nansio. Ni ndefu na mzigo unapakuliwa pakuliwa ukipanda magari ya abiria, kila kupakua ni hela ya wabebaji na kila mbebaji ana maneno yake. Kwa magunia sishauri, subiri meli. Lakini nina shangazi yangu yule hata ukimlipa hapandi meli, toka lile balaa la kivuko cha MV Nyerere kuzama pale Ukara mwaka 2018 akiona maji mengi anaanza kusali, na yeye anazunguka na Bunda kila mwaka kwenda kuona ndugu zake na akifika anasifia safari kama alikuwa anatalii. Kivuko cha Kisorya ni kipande kidogo tu anafumba macho. Kwa mtu kama huyo hiyo njia naipa tano zote.

Nirudi kwa boda nimalizie. Bei za saivi kwa gunia moja, siku kavu, toka Mwaloni: mjini buku mbili mpaka tatu, Nyegezi elfu tano, Nyamhongolo hapohapo kwenye sita, au tano ukibembeleza. Mvua ikinyesha ongeza na usibishane sana, ila muulize anapita wapi. Gunia la pili tafuta bajaji au guta, msiwabebeshe vijana magunia mawili mkaja kulia trafiki kawashika. Na mnaotaka hawa wa kijiweni kwetu njooni kabla ya saa mbili asubuhi, baada ya hapo wazuri wote wameshaondoka na mizigo ya watu na utabaki na wa simu.